Waliponiita Daktari Nami Sijui Dawa

Sifa ni kwa Bwana, ndugu zangu, na tena sifa ni kwake! Nawasalimu nyote mnaosoma gazeti hili dogo la kanisa letu. Kwanza naomba msamaha kwa mwandiko wangu na kwa maneno nitakayokosea. Mimi niliishia darasa la nane, na mkono wangu ni mzito. Ukurasa mmoja hunichukua mchana mzima. Katibu wa kanisa ameahidi kunyoosha yaliyopinda, lakini nimemwomba asiiondoe hasira. Ninashuhudia nikiwa na hasira na sioni haya kusema hivyo. Bwana ameniokoa, lakini hakuniambia nijifanye sikuona niliyoyaona.

Jina langu ni Awuor. Kwetu ni Nyakach, kati ya Katito na Pap Onditi. Tangu utotoni nilikuwa mtu wa aibu. Wageni wakija nilijificha jikoni mpaka moshi ukanitoa machozi. Shuleni mwalimu akiniuliza swali, jibu nalijua, lakini linakwama kooni kama mwiba wa samaki ningu. Mama yangu aliwaambia watu, "Huyu Mungu alimpa masikio mawili akasahau mdomo." Watu wanacheka, mimi naangalia vidole vya miguu.

Nilipomaliza darasa la nane hapakuwa na njia ya sekondari. Baba alikuwa amefariki. Nikabaki nyumbani nikipalilia mtama na kuuza nyanya Katito siku za soko. Hapo sokoni ndipo nilipoliona lile tangazo, kwenye kipande cha gazeti nilichofungiwa sukari. Lilisema: somea ufamasia nyumbani kwako kwa njia ya posta! Palikuwa na picha ya mwanamume mwenye koti jeupe anatabasamu mbele ya rafu za chupa. Chini yake waliandika kazi ambazo mtu atapata akimaliza. Kuwa na duka lake la dawa. Kutoa dawa katika hospitali kubwa. Kukagua dawa kiwandani. Au kuwa mjumbe wa kampuni, anayezunguka na gari akiwaonyesha madaktari dawa mpya. Na mwisho kabisa: elimu ya msingi inatosha.

Ndugu zangu, mtu wa aibu akisikia kuna shule isiyo na darasa, isiyo na mwalimu wa kumnyooshea kidole wala wanafunzi wa kumcheka, anaona shule hiyo ilitengenezwa kwa ajili yake. Nililala na kile kipande cha gazeti chini ya mto. Elimu ya msingi inatosha! Leo nikiyakumbuka maneno hayo meno yangu yanasagana. Aliyeyaandika alikaa kwenye kiti, akiwa na akili timamu, akayaandika akijua ni uongo.

Mama aliuza mbuzi. Kanisa nalo likachanga. Nasema kanisa letu la wakati ule, kanisa dogo la kanzu nyeupe na ngoma, lenye paa la mabati. Aliyeliongoza tulimwita Baba Mchungaji, na sitamtaja zaidi ya hapo.

Sasa sikieni desturi yetu. Kwetu kitu cha kwanza hakiguswi kabla hakijapelekwa madhabahuni. Mahindi ya kwanza, maziwa ya kwanza ya ng'ombe, mshahara wa kwanza wa kijana aliyeajiriwa Kisumu, vyote huombewa kwanza. Kwa hiyo bahasha ya kwanza ya masomo ilipofika posta, mama hakukubali niifungue. Aliibeba kichwani mpaka kanisani ikiwa imefungwa. Baba Mchungaji akaweka mkono mmoja juu ya bahasha na mwingine juu ya kichwa changu. Ngoma zikapigwa. Akina mama wakalia. Baba Mchungaji akatetemeka, akapaza sauti:

"Kuanzia leo Bwana amelipa kanisa hili daktari!"

Ndivyo nilivyokuwa daktari. Bahasha bado imefungwa! Sikuwa nimesoma hata mstari mmoja. Jumapili iliyofuata akina mama walikuwa wameshanishonea koti jeupe, na Baba Mchungaji akaagiza niketi mbele, karibu naye, nikiwa nimelivaa. Mimi niliyekuwa nakaa nyuma ya nguzo!

Nilipoifungua ile bahasha nilikuta Kiingereza kigumu. Vipimo vya uzito, majina marefu ya dawa, michoro ya vyombo vya kioo ambavyo sijawahi kuviona. Nilikuwa na kamusi ya shule isiyo na jalada. Nilisoma polepole, neno baada ya neno, na kwa kweli nilipenda. Siwezi kudanganya, nilipenda sana. Nilipojua kwamba dawa moja inaweza kuponya kwa kipimo hiki na kuua kwa kipimo kile, niliogopa na kufurahi kwa pamoja. Nikajibu maswali, nikayatuma. Yakarudi yameandikwa kwa wino mwekundu kwamba nimefanya vizuri sana. Hata swali nililoliacha wazi kwa sababu sikulielewa, waliliwekea alama ya sahihi. Alama ya sahihi juu ya karatasi tupu! Nikajiuliza, hawa wanasoma kweli ninachowaandikia?

Wakati huo watu walishaanza kuja nyumbani. Jirani yetu Mama Okello ndiye alikuwa wa kwanza. Huyo ni mama wa kucheka na kuchekesha, sauti yake unaisikia kabla hujamwona.

"Daktari! Goti langu linalia kama mlango. Lipake mafuta basi."

Nikamwambia kwa sauti ndogo, "Mama, mimi bado najifunza. Sijui kutibu."

Akageuka kwa wenzake akapiga makofi. "Mnasikia? Madaktari wa mjini wana majivuno, hata kukusalimu hawataki. Wetu ananyenyekea!"

Hapo ndipo palikuwa na mtego wangu, ndugu zangu. Mtu wa aibu akisema hapana, watu husikia ndiyo. Kila nilipokataa, nilizidi kupendwa. Kadiri nilivyoinamisha macho ndivyo walivyosema Roho amenikalia.

Baba Mchungaji akaamua kanisa liwe na sanduku la dawa. Akanituma Kisumu kununua. Nikaingia duka moja la dawa karibu na soko, duka la mama wa Kihindi ambaye watu wote humwita Mama Shanta. Yeye ni mfamasia wa kweli, mzee, mwenye miwani minene na ulimi usio na subira. Nikampa karatasi yenye majina ya dawa alizotaka Baba Mchungaji. Akaisoma, akaniangalia juu ya miwani.

"Dawa yote hii ya nani?"

"Ya kanisa, Mama."

"Kanisa linaumwa?"

Akaendelea, "Nani atawapa watu hizi dawa?"

"Mimi. Nasomea ufamasia kwa posta."

"Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la nane."

Akavua miwani. Nilidhani atanifukuza. Badala yake akasema, "Kaa hapo." Akamwambia msichana wa duka aniletee chai. Kisha akanieleza, bila kunibembeleza. Kuna mfamasia, huyo ametoka chuo kikuu. Kuna fundi wa dawa, huyo amemaliza sekondari, amefaulu sayansi, akaenda chuo cha utabibu akafundishwa miaka kadhaa huku akisimamiwa hospitalini. Wote wawili lazima waandikishwe na serikali. Wakishaandikishwa ndipo zinapokuja zile kazi za kwenye tangazo: duka, hospitali, kiwanda, kampuni. Kazi zile zipo na ni nzuri, ila mlango wake si ule nilioonyeshwa.

"Na karatasi ya posta, Mama? Nikimaliza watanipa cheti."

"Cheti hicho hakuna hospitali itakayokipokea. Labda muuza maandazi, atafungia maandazi."

"Na wenye chuo, wanajua hivyo?"

"Mtoto, wanajua kuliko wewe unavyojua jina lako."

Aliniuzia asprini na bandeji, basi. Vingine alikataa kabisa. Nikatoka nje, jua la Kisumu likanipiga usoni, nami nikahisi kitu kipya tumboni. Kilikuwa kidogo kama kaa la moto. Njia yote ya kurudi, tulipopita Nyamasaria, tulipopita mashamba ya mpunga, lile kaa lilikuwa linawaka tu. Mbuzi wa mama! Jasho la wale akina mama waliochanga! Na mimi nimekaa na kamusi isiyo na jalada, nikitafuta maneno ya watu walioniwekea sahihi mahali patupu!

Nilikwenda moja kwa moja kwa Baba Mchungaji. Nilimwambia yote. Nikamaliza kwa kusema, "Baba, mimi si daktari."

Akacheka kwa upole, akaniwekea mkono kichwani. "Huyo mama ni mfanyabiashara. Anaogopa utamharibia soko. Niambie, karatasi ya wanadamu na mikono ya Roho, ipi kubwa?"

Nikatoka bila kumpinga. Na Jumapili akasimama akalitangazia kanisa, "Daktari wetu alijaribiwa na Shetani mjini, akashinda!" Watu wakapiga vigelegele. Mimi nimekaa mbele ndani ya lile koti nikitamani ardhi inimeze. Zile dawa ambazo Mama Shanta alikataa kuniuzia, Baba Mchungaji alizinunua kwa mchuuzi sokoni, dawa zilizotandazwa juani juu ya gunia. Vidonge vya rangi mbili, chupa ambazo maandishi yake yamefutika, na bomba la sindano limeviringishwa kwenye kitambaa. Akajaza sanduku, akaliweka chini ya madhabahu.

Ndugu zangu, sasa nafika mahali pagumu. Mtanivumilia.

Ilikuwa Jumapili, msimu wa mvua, wakati mbu wamejaa na kila nyumba ina mtu mwenye homa. Ibada ilikuwa katikati ya nyimbo. Mama Okello aliingia akikimbia na mwanawe mikononi. Okello alikuwa mtoto wa kwenda chekechea, mwepesi wa kucheka kama mama yake. Siku ile macho yake yalikuwa yamegeuka juu na mwili wake unakakamaa na kulegea, unakakamaa na kulegea. Degedege. Mama Okello hakuwa na utani hata kidogo.

"Tangu jana anawaka moto," alisema. "Nilitaka kwenda hospitali asubuhi, wakaniambia daktari yupo kanisani."

Baba Mchungaji akainua mkono, ngoma zikanyamaza. "Hatuendi kwa wanadamu. Bwana ametupa wetu. Awuor, simama!"

Akavuta sanduku. Akalifungua mbele ya watu wote. Akachukua lile bomba la sindano akaniwekea mkononi, na chupa isiyosomeka akaniwekea mkono mwingine. "Mpige sindano, mwanangu. Roho ataongoza mkono."

Mama Okello alikuwa amepiga magoti mbele yangu. Amemnyoosha mtoto kwangu kama mtu anayetoa sadaka. "Daktari, mshike," alisema. "Daktari, tafadhali."

Nikasema, "Mimi siwezi." Ilitoka kama pumzi.

Na watu, ndugu zangu, watu wakaimba! Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Ananyenyekea! Aleluya!" Ngoma zikaanza tena. Makofi yakaanza. Mtoto anakufa mbele yetu, na kanisa zima linasherehekea unyenyekevu wangu!

Hapo ndipo Bwana aliponifungua. Haikuwa kwa amani wala kwa sauti tamu ya mbinguni kama wengine wanavyoshuhudia. Mimi alinifungua kwa hasira. Lile kaa lilipanda kutoka tumboni, likaunguza ule mwiba uliokaa kooni miaka yote, na mdomo wangu ukafunguka nikasikia mtu anapiga kelele, na mtu huyo alikuwa mimi.

"Sijui! Nyamazeni! Sijui dawa! Sijui sindano! Sijawahi kumgusa mgonjwa! Chupa hii sijui ina nini, na yeye hajui, na ninyi hamjui! Mnataka nimuue mkiwa mnaimba?"

Niliitupa ile chupa ukutani ikavunjika. Nikavua koti nikalitupa juu ya sanduku. Ngoma zilikatika. Ungesikia kuku wanatembea nje.

"Nyamaza, binti," alisema Baba Mchungaji. "Hiyo ni roho ya uasi."

"Sinyamazi! Nimenyamaza tangu nizaliwe!"

Mama yangu alijifunika uso kwa mikono. Sikumjali. Mungu anisamehe, siku ile sikumjali mtu. Ni Mama Okello tu niliyekuwa namwangalia. Alikuwa bado amepiga magoti, ananitazama kama anayeniona kwa mara ya kwanza.

"Kweli hujui?" aliniuliza.

"Sijui, Mama. Haki ya Mungu, sijui."

"Sasa tumekaa hapa kwa nini?"

Akainuka. Ni hivyo tu, ndugu zangu! Akainuka na mtoto wake akatembea kuelekea mlangoni, nami nikamfuata. Baba Mchungaji alikuwa anakemea nyuma yetu pepo huyu na yule. Hatukugeuka. Barabarani tulisimamisha pikapu iliyokuwa imebeba magunia ya mchele kwenda Kisumu. Dereva alipomwona mtoto hakuuliza kitu. Alitupandisha mbele, akaendesha huku anapiga honi kwa kila ng'ombe.

Njiani nilimwombea yule mtoto, lakini maombi yangu yalikuwa ugomvi. Nilimwambia Mungu, "Usithubutu! Nimefungua mdomo kama ulivyotaka, sasa na wewe fanya sehemu yako!" Mama Okello alinisikia. Akasema, "Amina," akalia.

Hospitalini wauguzi walimpokea wakakimbia naye. Daktari, daktari wa kweli, kijana mwenye macho mekundu ya uchovu, akatuuliza kwa ukali, "Mmempa nini kabla ya kuja?"

"Hatujampa kitu," nikasema.

"Hakuna sindano? Hakuna vidonge vya sokoni?"

"Hakuna."

"Basi mshukuruni Mungu. Wengine huletwa hapa wameshapewa vitu ambavyo hata sisi hatuwezi kuvitoa mwilini."

Niliketi chini palepale kwenye varanda ya hospitali, nikalia mpaka kamasi zikanitoka. Niliona waziwazi jinsi mkono wangu ulivyoshika ile sindano. Kidogo tu! Makofi machache zaidi, aibu kidogo zaidi, na ningemchoma.

Okello alipona. Bwana asifiwe! Malaria ilikuwa imempanda kichwani, na siku kadhaa hatukujua kama ataamka. Alipoamka aliomba uji, kisha akalalamika kwamba hauna sukari. Mama yake alicheka, ile sauti yake ikajaa wodi nzima mpaka muuguzi akaja kumkanya. Kisha akanishika mkono akaniita Awuor. Ni jina langu tu, lakini lilikuwa limepotea miezi mingi, na siku ile nililipokea kama nguo safi.

Sikio moja la Okello halisikii tena vizuri. Ukimwita kutoka upande huo hageuki. Naandika hili ili msiufanye ushuhuda wangu kuwa mtamu kuliko ulivyo. Asubuhi moja ya kungoja daktari asiyekuwepo ilimgharimu mtoto sikio, na hakuna aliyemwomba msamaha. Baba Mchungaji alitufukuza kanisani, mimi na Mama Okello. Mimi alisema nina pepo wa hasira. Nilikiandikia chuo kile barua ya ukali wote nilionao. Mnajua walinijibu nini? Walinipongeza kwa bidii yangu na kunitumia somo linalofuata.

Mama yangu hakuzungumza nami muda mrefu. Alikuja mwenyewe mwishowe, hapa Nyamasaria ninakoishi na shangazi, akaleta nyanya kwenye kikapu. Hakutaja kanisa. Alisema tu, "Nilikuwa naona fahari, mwanangu. Sikuwahi kuona fahari kabla ya hapo." Sijui kama nimemsamehe. Naomba mniombee katika hilo.

Sasa ninafanya kazi kwa Mama Shanta. Nafagia, nafuta vumbi kwenye rafu, napanga masanduku. Simpi mgonjwa dawa na wala sitaki, maana bado sijafundishwa. Jioni nasoma masomo ya sekondari, na mengine yanakuja kwa posta. Ndiyo, kwa posta tena, msicheke! Sina ugomvi na masomo ya posta. Wapo wanaofundisha kweli, na wanaosahihisha kweli. Ninakosa, na wananiambia nimekosa, nami nafurahi. Ugomvi wangu ni na mtu anayemwambia maskini kwamba mlango uko wazi huku amesimama mbele ya ukuta. Nikifaulu sayansi nitaomba nafasi katika chuo cha utabibu, niwe fundi wa dawa. Labda watanichukua, labda hawatanichukua. Lakini nikiulizwa nitajibu kwa sauti.

Namshukuru Mungu aliyenifungua kinywa. Wewe unayesoma, kama una aibu kama yangu, mtegemee Yeye. Anaweza kutumia hata hasira yako, ukimpa. Usiogope kuwakatisha tamaa watu wanaokushangilia. Na kabla hujalipa chuo chochote cha dawa, nenda hospitali yoyote ukamuulize anayetoa dawa dirishani: cheti hiki mtakipokea? Hilo swali ni la bure.

Ndugu zangu, niandikieni kupitia kwa katibu wa kanisa. Nitasoma kila barua na nitajibu kwa mkono wangu huu wa polepole. Na wewe ambaye sasa hivi una ile bahasha nyumbani, na majirani wameshaanza kukuita daktari, usingoje barua yako iwe nzuri. Niandikie leo, kabla hujamgusa mtoto wa mtu.